Nani Alikutuma Uniokoe?

Uvira, mtaa wa Kimanga
14 Septemba 2024

Mpendwa Yaya Onesphore,

Pokea salamu za nyumba nzima. Baridi ya huko Edmonton haijaanza kukusumbua kifua? Wifi yangu Jolie amepona mguu? Watoto wamerudi shule? Sisi tuko, Mungu anatutunza. Maji ya ziwa yametoka kiwanjani kwetu, ila jikoni kunanuka matope bado. Mama anapika nje na anasema huko ndiko kuzuri.

Nimekusalimu inavyofaa kumsalimu kaka mkubwa. Sasa nikuambie ukweli: nimekukasirikia, Yaya. Nilipojaribu kukueleza kwa simu ulisema connexion ni mbaya, ukakata. Barua hii anakuletea Bienvenu, anayesafiri kuja huko, mkononi mwake. Haina connexion ya kukatika.

Unaijua kazi niliyoanzisha na Ushindi, yule mwana wa kijiji cha Nyakabere niliyesoma naye. Mkulima anaandika kwenye simu kwamba ana nyanya au mchele wa kupeleka sokoni. Dereva wa lori la Fuso anayerudi bila mzigo anaandika kwamba ana nafasi. Programu yetu inawakutanisha. Ni hilo tu, lakini watu wa bonde la Ruzizi walilipenda, maana nyanya zao zilikuwa zinaozea kando ya barabara zikingoja gari.

Kisha madereva wakatuomba ukurasa wa kuandika pesa wanazodaiwa kwenye kila barrière wanaposimamishwa barabarani, na kama wanapewa reçu ya malipo au hawapewi. Tukauweka. Hapo ndipo balaa ilipoanza.

Watu wa ofisi moja ya hapa mjini walikuja wakitaka kibali. Tukawaonyesha karatasi za kusajili kampuni. Wakasema mambo ya internet yana sheria yake na kibali chake. Kinatolewa wapi? Mmoja alisema Bukavu, mwingine Kinshasa, na wa tatu akakasirika kwa sababu nimeuliza. Walichukua ordinateur yetu yenye programu yote, wakamchukua na Ushindi. Eti anawaonyesha maadui njia.

Mama yake, Mama Célestine, alishuka kutoka Nyakabere na sufuria ya bugali na ndagala, akaketi mbele ya mlango wa ile ofisi. Minye nilikuwa kando yake. Askari akamwambia, "Mama, rudia nyumba. Huyu mutoto iko mu mikono ya serikali."

"Serikali ndiyo ilimuzala?" akajibu. "Mupatie kwanza chakula yake, kisha tutaongea."

Askari aliangalia pembeni, akachukua sufuria. Kesho yake mama huyo alirudi na nyingine, na kesho yake tena. Ndani, avocat wa kututetea, Maître Déogratias, aliendelea kuwauliza ni kifungu gani cha sheria Ushindi amevunja, na hakuna aliyemtajia. Mwishowe walimwachilia, kwa sharti kwamba tufute ukurasa wa barrières. Tuliufuta. Kidole kilichobonyeza ni hiki changu, na nililia kwa hasira, si kwa woga. Ordinateur hawajairudisha mpaka leo, na bila hiyo programu imesimama.

Na usidhani tulikuwa na mahali pengine pa kukimbilia kutafuta pesa za kazi. Benki ilitaka hati ya kiwanja, ndipo ikubali hata kutusikiliza. Wenye mitaji wa nje wanaposikia Uvira wanasema zone rouge, eneo la hatari, wanaaga. Mtu mmoja tu alitusikiliza hadi mwisho: Madame Olga, wa mfuko mmoja huko Kinshasa unaosaidia biashara za vijana. Alituhoji kwa video huku picha inaganda na sauti inapotea, na hakuchoka. Ushindi alipotoka kizuizini tulimweleza yote, hatukuficha kitu. Akasema bado anatutaka. Ilibaki sahihi tu.

Halafu kimya. Nikaandika, kimya. Nikapiga simu hadi akapokea.

"Honorine, kaka yako alinipigia," akasema. "Jina lake limo mu statuts za kampuni kama mshiriki wenu, ningewezaje kumpuuza? Alisema tukitoa hiyo pesa, tutakuwa tumekununulia jeneza."

Jeneza, Yaya! Uliongea habari za jeneza langu na mtu usiyemfahamu, na minye hukuniambia neno!

Najua yaliyokupata kabla hujaondoka hapa. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka Mama akifua shati lako siku ile waliyokuachilia kizuizini, anasugua, anasugua. Siwezi kuucheka woga wako. Lakini ni woga wako weye. Nani alikuruhusu uutwike kichwani pangu? Nani alikutuma uniokoe? Ulijua kupiga simu Kinshasa ukashindwa kupiga Kimanga. Na wiki ileile uliweka picha yangu kwenye Facebook, ukaandika "fahari ya familia yetu". Watu wa kanisa lenu wakakupongeza, na weye ukawashukuru!

Ungeniambia unaogopa, tungebishana. Ungepiga kelele, ningepiga kelele, na pengine ningekusikiliza. Lakini uliamua kana kwamba minye ni mbuzi wa kufungwa asiende barabarani.

Nilipomweleza Ushindi, alisema, "Yaya wako anakupenda." Hilo lilinikasirisha kuliko yote. Yeye ndiye aliyelala kizuizini, na ndiye anayekutetea! Sasa yuko Nyakabere, analima na mama yake, na wenye nyanya wanamuuliza kila siku programu itarudi lini. Hajui awajibu nini.

Basi nilikwenda kwa Maître Déogratias. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya kuachia nafasi yako mu kampuni. Tia sahihi umrudishie Bienvenu kabla hajasafiri kurudi huku. Madame Olga amesema jina lako likitoka atalipeleka tena ombi letu mbele ya wenzake. Hajaahidi kitu, na minye sikumbembeleza.

Mama hajui lolote. Usimwambie, maana atakuonea huruma weye.

Msalimie wifi Jolie sana, ubusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Shangazi Noella na watu wake wa Rugenge wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri, na sisi atulinde huku huku tuliko.

Nafasi yako inachukuliwa na Mama Célestine. Maître alimsomea kila kitu, akamweleza kwamba wale watu wa ofisi wakirudi wataanza na majina yaliyo mu statuts. Akamuuliza kama haogopi.

"Naogopa sana," akasema. "Leta bic nitie sahihi."

Wako anayekupenda hata kwa hasira hii,
mdogo wako Honorine