Maziwa Yaliyoungua Keshero

Goma, mtaa wa Keshero

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya cherehani, mvua inapiga mabati, na kabla ya yote nataka kujua: goti lako linakuruhusu kushuka mtoni, au bado unamtuma mdogo wangu Subira? Baba ameacha kukohoa? Migomba ya nyuma ya nyumba ilisimama na ule upepo? Nijibu moja moja, maana kwenye simu unasema tu "hatujambo," halafu mtandao unakatika.

Sisi wazima. Mume wangu Bahati amepata kazi ya kujenga ukuta karibu na ziwa, kwa yale mawe meusi ya volkano ambayo huku yametapakaa kila mahali. Jioni anarudi mikono imechubuka lakini anaimba. Mimi nashona mtaa wa Katindo, kwenye kibanda cha mwanamke mmoja anayeitwa Mama Furaha. Baridi ni kama ya kwetu Tukuyu, kwa hiyo mwili haujashangaa. Chakula nimekizoea nusu. Sambaza, dagaa wa ziwa hili, wakikaangwa kwa pilipili siwezi kuwaacha. Kisamvu wanakiita sombe, nacho nakipenda. Ila ugali wa muhogo bado unanishinda, unateleza kooni kabla sijaamua kuumeza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Miezi mitatu iliyopita uliniambia, "Ukishindwana na mkweo, rudi, mlango uko wazi." Sikukujibu, Mama, kwa sababu siku ile nguo zangu zilikuwa tayari kwenye begi.

Mama mkwe wangu, ambaye wote wanamwita Mama Bahati, ni mfugaji wa milima ya Masisi. Vita ilimtoa huko, akakaa Mugunga kwenye mahema ya wakimbizi, hadi Bahati alipomchukua na kumleta kwetu. Mimi nilikuwa na wiki mbili tu tangu nifike. Nyumba ni ya vyumba viwili, hakuna pa kukwepana. Yeye na mwanawe walizungumza Kinyarwanda. Mimi alinipa Kiswahili cha kuhesabika. Nikipika, anakula matonge matatu, anasema "Aksanti," kisha anageukia ukuta. Ng'ombe wake waliibwa wote isipokuwa mmoja, aliyefichwa bondeni na jirani yake.

Asubuhi moja jirani huyo alishuka kutoka mlimani na kidumu cha maziwa ya ng'ombe yule. Mama Bahati alikifungua akayanusa kabla hata ya kumsalimia mgeni. Akaniambia niyachemshe. Nikabandika sufuria. Maziwa yalipoanza kupanda, akapaza sauti kutoka mlangoni: "Tosha! Tosha!"

Nikadhani anasema makaa yanatosha. Nikaacha kuongeza, nikasimama namtazama nisikie la zaidi. Maziwa yakafurika juu ya moto, na yaliyobaki yakaungulia chini mpaka nyumba nzima ikanuka.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Siku tatu hakupokea hata chai mkononi mwangu. Nilipomlalamikia Bahati akasema, "Vumilia, mama yangu ana machungu mengi."

Nikamjibu, "Na mimi je? Mimi sina mama?"

Akainama. Ndipo nikafunga begi.

Siku ya nne nilikwenda kibandani kumuaga Mama Furaha. Nikakuta mteja amekuja kujaribu gauni la harusi. Akajitazama kwenye kioo, akaniambia, "Mama, tosha hii mikono."

"Nashukuru," nikasema. "Hata mimi naona inatosha vizuri."

Akageuka. "Inatosha nini? Nakuambia tosha! Minataka robe bila mikono."

Mama Furaha akacheka mpaka akashika meza. "Tumaini, huku kwetu kutosha ni kuondoa!"

Mama yangu! Kumbe Mama Bahati alikuwa ananiambia niepue! Alinipigia kelele mara mbili niokoe maziwa yake, nami nikasimama namkodolea macho. Sikuaga tena. Nilipanda pikipiki na futi ya kupimia bado iko shingoni.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikapiga magoti mbele ya ungo.

"Mama, kwetu 'tosha' maana yake imefika kiasi. Siku ile nilidhani unasema moto umefika. Sikuelewa, Mama. Nisamehe."

Alinitazama, mkono umesimama juu ya maharage. "Na kwenu, kutosha sufuria ku moto, munasemaka je?"

"Kuepua."

"Kuepua," akarudia polepole. "Mimi nilizani unanizarau. Nilisema, ona huyu mutoto wa Tanzania, anaacha maziwa yangu inaungua na macho yake wazi!"

Akaanza kucheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka ungo ukamwagika, kisha kicheko kikageuka kilio, nami nikamshika mabega, tukalia wote juu ya yale maharage. Mchana ule alinitajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, rangi zao, na nani alikuwa mkorofi wakati wa kukamuliwa.

Usidhani sasa kila kitu ni asali. Bado ananiambia naosha vyombo kama mtu anayekimbizwa, na maziwa anachemsha mwenyewe. Lakini nilipopika kande alikula akaongeza, na mimi nimejifunza kula jibini ya kwao, ile niliyoikataa mwanzoni kwa harufu yake, pamoja na viazi vya kuchoma. Amani yenyewe bado ni ya kubahatisha. Kabla ya kutoka tunauliza kwanza kama njia ni shwari. Ila watu wanajenga, wanaoa, wanashonesha nguo.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, tulimkuta yule jirani wa Masisi anatusubiri mlangoni kwetu. Alileta habari kwamba ng'ombe amezaa ndama jike. Mama Bahati akamwita mwanawe, akasema kwa Kiswahili, makusudi ili nisikie: "Ule mutoto wa ng'ombe, ni wa bibi yako."

Huku bibi ni mke. Bahati akavua kofia. Mama, wewe umekulia zizini, sina haja ya kukueleza mtu anapokupa ng'ombe amekupa nini. Nikasema, "Mama, mimi si ndiye niliyeunguza maziwa yako?"

"Njo maana," akasema. "Sasa utaunguza ya kwako."

Basi, Mama, jibu langu ndilo hilo. Sirudi. Nitakuja kuwasalimia na Bahati njia zikitulia, lakini nitakuja kama mgeni mwenye mifugo yake.

Nisalimie Baba, na umwambie anywe dawa mpaka ziishe. Nisalimie Subira, na sweta yangu namwachia. Mwambie bibi mzaa baba kuhusu ndama. Najua atauliza rangi, ni mwekundu na baka jeupe kwenye paji. Salamu kwa shangazi na wenzake wa kwaya.

Mama Bahati amekaa hapa pembeni. Anataka salamu zake niziandike kama anavyozisema, nisizinyooshe: "Mama ya Tumaini, kuja kwetu. Bubaridi iko, lakini kitanda pia iko."

Mwanao akupendaye,
Tumaini