Komeo la Lango la Kijiji Chetu

Dada yangu mpendwa, Wanjiku,

Barua ya kwenda kizuizini hufunguliwa na wengi kabla ya mwenyewe. Basi hii naiweka gazetini, waisome wote kwa mara moja. Mhariri ameniuliza mara mbili kama nina hakika.

Unaikumbuka ile picha? Ulipewa gazeti kuukuu na memsabu wako wa Karen, ukalitandaza mezani kwangu Kangemi. Nyumba ya udongo ya mashambani Uchina, mviringo kama ungo, ukuta mnene, ukoo mzima ndani, lango moja. Wewe, fundi wa kukandika, ukacheka: "Hawa wamekanyaga udongo kwelikweli! Lakini mkaza mwana atamnunia mama mkwe wapi, na milango yote inatazamana?"

Kisha serikali ya hali ya hatari ikatuamuru tubomoe nyumba zetu, tujenge safu kwa safu ndani ya boma lililozungukwa na handaki lenye miti iliyochongoka. Nami, bingwa wa kubishana, nikaandika gazetini humu humu kwamba kukaa pamoja nyuma ya boma si aibu. Mbona Wachina wanakaa? Chifu akaisoma makala yangu barazani. Nikajivuna. Wewe ulikuja na jembe begani, viganja vimechubuka kwa kuchimba handaki hilo, ukaniuliza neno moja:

"Msomi, katika ile picha, komeo liko upande gani?"

Nilisema mengi. Komeo sikulitaja.

Wiki ile ile ulirudi kwenye kifusi cha nyumba ya zamani kuchukua mafiga ya mama. Ulikataa kupika katika nyumba mpya kwa mawe ya kuokota. Uliporejea jua lilikuwa bado halijatua, lakini askari walikwisha kulifunga lango. Nilikuwa ndani nikikusikia: "Nifungulieni! Nimebeba mawe, sikubeba bunduki!" Nikalipapasa lango juu hadi chini. Upande wangu palikuwa na mbao tupu; komeo lilikuwa nje, kwa askari. Wakakuchukua, kiondo ulichobebea mafiga wakakitupa.

Leo nimeitazama tena ile picha. Gogo la kufungia limeegemezwa ukutani, ndani, karibu na mwanamke anayepepeta nafaka. Lilikuwepo siku zote. Makala yangu ilikuwa uongo, na uongo huo ni wangu. Chifu akipenda, na hii pia aisome barazani. Boma lisilofunguliwa na wanaolala ndani yake ni zizi.

Asubuhi baada ya wewe kukamatwa niliyaokota mafiga, yote matatu. Mke wangu ameyapanga, ila hatujayawashia moto. Huo ni wako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja upande usio na komeo.