Jiwe la Kupimia Rodi

Keroka,
Jumapili, 21 Aprili 1974

Kwa kaka yangu Ratemo,

Bwakire. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji Nyanchera na watoto. Mama je, mguu unaendeleaje? Mwambie ile dawa ni ya kila jioni, sio siku anayokumbuka tu. Mimi ni mzima, nakula, nalala. Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili hata ukisoma kwa sauti Mama asielewe. Utaona kwa nini. Mwandiko unisamehe, unajua niliishia darasa la nne.

Hapa gereji, Mzee Omwenga bado anatupigia kelele kama kawaida. Lakini maneno mengi yametoka kwa ile Peugeot 404 ya Shariff, yule muuza nguo wa Kisii. Nilikuambia anataka kuikimbiza mashindano ya kupanda mlima, na fundi atakayemtengenezea injini vizuri ataenda naye Nairobi, kwa gereji ya magari ya mashindano. Hiyo nafasi niliitaka, kaka. Ni wewe peke yako nilikuambia.

Silinda hedi ilikuwa imepunguzwa chini ili injini ipate nguvu. Sasa hedi ikishuka, zile rodi zinazosukuma valvu zinakuwa ndefu kupita kiasi. Abner, fundi mwenzangu hapa, alitaka tukaze skrubu tu, yaishe. Mimi nilikata rodi ya zamani katikati, nikatia boliti na nati ili niweze kuirefusha na kuifupisha. Halafu nikapaka masizi ya taa juu ya valvu, nikazungusha injini kwa mkono, nikafungua kuona roka, kile chuma kinachogonga valvu, imekwangua wapi. Alama ikienda pembeni, urefu sio sawa. Ikiwa nyembamba na katikati, hapo ndipo. Nilirudia siku tatu. Abner akawa anacheka, akiwaambia watu Bubu, ndivyo wanavyoniita hapa, amepata mchumba, kila asubuhi anampaka wanja. Nikaendelea kupaka. Si unajua mimi.

Urefu nikaupata. Lakini nati inaweza kuzunguka kidogo tu, kipimo kikapotea. Ndio nikaja Tabaka ukanichongea lile jiwe laini la kwetu, lenye mfereji, rodi inalala ndani, ncha zote mbili zinagusa ukuta. Chini ukachora M ya jina langu. Nilifurahi mpaka nikasahau kusema asante. Kwa hilo jiwe nikakata rodi nane za majaribio, na gari likaenda vizuri sana.

Februari nikarudi kwako na rodi ya kwanza kukatwa kati ya hizo, nikakuomba jiwe lingine la urefu huo. Hukuniuliza kwa nini, na mimi sikusema. Lile la kwanza ukasema niache, watoto watachezea.

Mwezi uliofuata, siku ya Sabato, mimi nikiwa kanisani, Abner alimpelekea Shariff jiwe. Mzee Omwenga ndiye alinihadithia. Abner alisema ile njia yote ni akili yake, na kwamba Bubu alikuwa anamshikia taa tu. Shariff akampa mkono, akasema Nairobi wataenda pamoja, na rodi za mashindano, za chuma kigumu, azikate yeye. Abner alipoenda kula nililigeuza lile jiwe. M ilikuwa imekwanguliwa, lakini mguu mmoja umebaki.

Nikajiambia ameiba. Wiki mbili tatu nilishikilia hivyo, kaka, kwamba ameingia kwako akaiba. Halafu Ijumaa Kuu nikaja nyumbani, nikakuta redio ya Abner inaimba mezani kwako, ile yenye kishikio kilichofungwa utepe mwekundu. Shemeji akasema umepewa na rafiki yako wa Keroka. Wewe ukaangalia nje, ukaniuliza kama mvua imenyesha huku kwetu. Ndio maana sikumaliza chai.

Abner nilikaa naye nyumba moja tulipotahiriwa, lakini yeye ni mtu wa nje. Wewe ulijua lile jiwe lilikuwa nini kwangu.

Sasa nisikie vizuri. Jiwe letu wewe unalijua kwa kisu, mimi nimelijua kwa chuma. Nilipokuwa nakata zile rodi nane, kila nikipiga tupa narudisha ndani ya mfereji, nagonga, natoa, tena na tena. Chuma kilikula ukuta. Nilipokuja Februari, mfereji ulikuwa umeongezeka urefu kwa unene wa shilingi nzima. Ndiyo sababu nilitaka jiwe jipya. Abner alikata rodi zake zote ndefu, na alivyoliamini jiwe hakupaka masizi hata mara moja. Jumapili ya Pasaka akafunga hedi. Aliniomba spana, nikampa. Aliuliza kama naona kasoro, nikatingisha kichwa, hapana. Kunyamaza kwangu wamekuzoea.

Jumatatu, siku ya mashindano, nusu ya mlima, rodi ilipinda, valvu ikavunjika ndani, injini ikashika. Gari likaingia kwenye shamba la chai. Shariff hakuumia. Abner alikuwa kiti cha pembeni, mkono umevunjika mara mbili, wa kulia. Shariff amesema hataki tena fundi wa Keroka. Watu wote wanamcheka Abner, na mimi ndiye ninayejua.

Kesho nitaenda hospitali kumwambia. Nikitoka hapo nitaenda kwa Shariff. Rodi nane nilizokata kwa jiwe lako jipya ziko chini ya kitanda changu, urefu wake ni sawasawa, na sasa hazina gari. Jiwe lenyewe nakurudishia kwa mkono wa huyu aliyeleta barua. Redio kaa nayo.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama akiuliza barua inasema nini, mwambie nimemsalimia sana, na mvua imenyesha.

Ni mimi mdogo wako,
Mogire