Jina Nililokwisha Kukatazwa Kuliita

Bi Mwamina, dada yangu ambaye sijakuona ila humu gazetini,

Salamu nyingi kutoka Ruangwa. Nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana najua utakasirika, nimeona unavyowajibu wenzangu na huwa huna mchezo.

Mimi ni mwalimu wa shule, mjane, watu wetu walihamia huku kutoka upande wa Masasi, na mtoto ninaye mmoja tu, wa kiume. Zamani za vita, alipokuwa na miaka mitano hivi, nilikuwa namtungia hadithi za mtoto anayeingia ndani ya kichuguu nyuma ya nyumba yao na kutokea katika nchi nyingine, ambako watu hubeba vivuli vyao kichwani kama mizigo ya kuni, na mto hautiririki mpaka uimbiwe, na mbuzi wote waliowahi kupotea huku kwetu wanaishi huko na jumbe wao. Kila hadithi iliishia mahali pamoja: mtoto amepotea njia, mama yake anasimama kwenye mdomo wa kichuguu, anamwita jina lake mara tatu, na kwa mara ya tatu mtoto anatoka amejaa vumbi. Jina hilo lilikuwa la mwanangu mwenyewe, jina lake la utotoni, kwani yeye ndiye aliyelitaka, nikiweka jina jingine alikuwa anakataa kusikiliza.

Padri mmoja alizipenda hadithi zangu akazipeleka kwenye mtambo wa chapa wa misheni, vikatoka vitabu vitatu vyembamba, na kabla hicho cha tatu hakijafika, mwanangu akaingia jando. Bi Mwamina, mila ya huku unaijua, Mwislamu na Mkristo tunaifuata wote. Siku ya kutoka, kumbi walimolazwa huko porini linachomwa moto, watoto hawageuki nyuma kulitazama, kila mmoja anapewa jina jipya, na lile la zamani halitamkwi tena, kumwita mtu kwa jina hilo ni kumtukana mbele za watu. Kaka yangu Selestini, ambaye ndiye mjomba aliyemsimamia, aliniambia siku ile ile kwamba mdomo wa mama ndio unaotangulia kufungwa. Nikaufunga, na sasa ni miaka sita.

Basi mwaka huu, baada ya mavuno ya ufuta, amefika bwana mmoja wa sinema pamoja na karani wake, kijana wa Dar es Salaam anaitwa Amiri, wakasema wamevisoma vitabu vyangu na wanataka kuvifanya sinema tatu, kila kitabu sinema yake, zizungushwe na gari la sinema kuanzia Nachingwea na huku kwetu mpaka Lindi. Nilifurahi hata nikashindwa kumalizia somo la hesabu. Walichagua kichuguu kikubwa kule Chiola, wakamchukua mtoto mmoja kutoka Nambambo, Bashiri, mwenye miaka saba, awe ndiye yule mtoto. Mwanamke waliyemweka kuwa mama alikuwa na uso mzuri, lakini sauti yake haikutoka, kila akiita ni kama anauliza bei ya mihogo. Amiri akaniomba mimi niite, wao waisikie tu.

Nikaita, Bi Mwamina. Nililiita lile jina kwa sauti yangu yote, na mtoto akatoka nyuma ya kichuguu na vumbi lake magotini, akasema, "Naam, mama."

Sijui nikueleze vipi. Walisema imetosha, nikadai kwamba haikuwa sawa, nikaita tena, akatoka tena, na tena, mpaka yule mtoto akachoka akakaa chini. Sasa wamekubaliana kwamba sauti itakayosikika katika sinema iwe yangu, na watarudi mwisho wa mwezi wa nane na mashine ya kunasia sauti.

Kosa langu ni hili. Amiri aliniuliza mapema, kwa heshima, kama jina hilo lina mwenyewe hapa, wao wanaweza kuweka jina lolote, kwao ni mamoja. Nikamwambia halina mwenyewe, ni la hadithi tu, na likiondolewa na mimi siwapi vitabu vyangu. Nilidanganya kwa sababu nalitamani lile jina. Nikifagia uwanja asubuhi linanijia mdomoni, nalimeza.

Mwanangu anafanya kazi ya reli Nachingwea, pamoja na vijana wanne waliotoka naye kumbi moja. Habari zilimfika huko. Alipanda lori akaja, hakuingia ndani, alikaa kwenye gogo barazani na kofia yake ya kazi mkononi. Alisema vitabuni alivumilia, kwa kuwa vimefungiwa kabati la shule na wanaovisoma hawamjui, lakini huko uwanjani Nachingwea watakuwepo wenzake, na kila mtu ataijua sauti ya mama yake. Kisha akasema, "Mama, yule mtoto tulimwacha kumbini akaungua. Ukimwita mbele za watu, mimi huku sirudi tena." Nilikuwa nimempikia kunde na ugali, hakuugusa, akashika njia.

Nikilitoa jina, naona nitakuwa nimemzika yule mdogo kwa mikono yangu, na nikiliacha nampoteza huyu mkubwa. Mwenzangu, nifanye nini?

Mimi, Mama wa Ruangwa
Julai, 1955

BI MWAMINA ANAJIBU:

Mama wa Ruangwa, kwanza pole. Mimi nami nimetoa watoto wawili kumbini, na najua ngoma inapigwa, watu wanakushangilia, wewe unacheza nao utake usitake. Hakuna anayemwuliza mama siku ile kama naye yuko tayari. Kwa hiyo kulia kwako nakupa haki yako yote.

Haki imeishia hapo. Umeniandikia barua ndefu na jina lako umelificha vizuri, ukajiita Mama wa Ruangwa, ingawa huko Ruangwa nzima walimu wa kike waliotunga vitabu vya kichuguu nadhani hawajai hata kigoda kimoja. Umelificha kwa kuwa unaogopa watu wakucheke. La mwanao je? Hilo unataka lipigwe kwenye kipaza sauti uwanjani mbele ya wenzake wa kazi! Mwalimu mzima, ukamdanganya na karani wa watu aliyekuuliza kwa adabu. Na Bashiri wa watu umemchosha bure, anzia hapo, mpelekee vitumbua.

Kisha mwandikie Amiri wiki hii, usingoje mashine ifike. Mwambie jina lina mwenyewe, na yuko hai, na hulitoi. Vitabu viache kabatini vilipo, hivyo vimeshachapwa. Ila sinema usiiache, na sauti yako usiwanyime, kwa sababu hadithi yako ni nzuri na watoto wa Marambo na Lindi hawana kosa. Jina la mtoto wa sinema mwombe mwanao alichague yeye. Akikataa kuchagua, ita "Mwanangu" basi. Kila mama uwanjani ataitika moyoni.

Unasema utakuwa umemzika yule mdogo. Huyo hukukabidhiwa wewe kumzika, dada, alikwisha kwenda, kama walivyokwenda wa kwangu. Mtamani tu, hakuna mila inayokataza kutamani. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, nikiipekua kwa kidole. Jina lake la utotoni umelitaja kila mahali bila kuliandika. Jina alilo nalo sasa halimo. Umeniambia kazi yake, kofia yake, gogo alilokalia, na jina lake hujaniambia. Nakuuliza wewe, si mimi wa kujibiwa: katika miaka hii sita, umewahi kumwita kwalo hata siku moja?

Mimi nadhani yule kijana barazani alikuwa anangoja kitu kingine zaidi ya ugali.

Jumamosi panda lori uende Nachingwea. Uliza nyumba za watu wa reli. Ukifika usibishe mlango wala usimtume mtu. Simama nje, umwite kwa jina lake la sasa, kwa ile sauti uliyoitia kule Chiola. Ulimi utakuwa mzito, ita tena. Wewe mwenyewe uliandika kwamba mtoto hutoka kwa mara ya tatu.