Jora la Bafta

Jumatatu, 4 Aprili 1983
Foleni ya sukari tena, duka la ushirika. Kila mtu kaacha jiwe limshikie nafasi, kaenda zake. Jiwe langu wameliiba! Mimi niliyefika Mombasa na Beira, mwizi wa jiwe sijapata kumwona. Sukari imeisha. Nimepita kwenye kahawa, nikajitapa kwamba Kariakoo hii hakuna kitu ambacho siwezi kukipata. Mke wangu akisikia atanikata ulimi. Chini ya kitanda chetu kuna jora zima la bafta, kitambaa cheupe, la magendo.

Jumatano, 6 Aprili
Msako wa wahujumu uchumi umefika kwetu. Mtaa wa pili mgambo wamemchukua muuza vitenge na kitanda alichovifichia. Watu wanatupa mali. Leo mfereji umejaa sabuni, povu kama shela la bibi harusi. Nimecheka, kisha nikaenda kuchungulia chini ya kitanda.
"Baba Hadija," mke wangu kasema, "jora hilo kalitupe baharini."
Sitaki. Mtaji wetu wote ni hilo jora. Naogopa lakini.

Alhamisi, 7 Aprili
Bibi Mwanaidi amefariki alfajiri. Mama yake Mzee Athumani, balozi wetu wa nyumba kumi, yule yule anayewaonyesha mgambo milango. Duka la ushirika halina sanda. Kibali, rudi Jumatatu. Maiti hangoji kibali.
Mzee kasimama mlangoni kwangu. "Mwanangu, ulisema kahawani unapata chochote."
Mdomo wangu huu! Ningesema nilitania. Lakini Hadija alipozaliwa, Bibi ndiye aliyetuletea uji kila asubuhi. Nimetoka na jora begani, msiba mzima ukiona. Wamekata sanda. Hakuna aliyenitazama usoni.

Jumamosi, 9 Aprili
Wamekuja. Mzee Athumani mbele. Mimi kitandani, bafta iliyobaki chini yangu.
"Na hapa?" mgambo akauliza.
"Hapa?" Mzee akajibu. "Huyu ana mdomo tu."
Wakacheka, wakapita. Mlango wa tatu wamemtoa Mama Rukia, kisa debe la mafuta ya kupikia. Watoto wanalia. Mlango kauonyesha Mzee. Mimi nimenyamaza. Mwanamume mzima.

Jumatatu, 11 Aprili
Mama Rukia hajarudi. Watoto wake wanakula kwetu, wawili wamelala na Hadija.
Nimemwamkia Mzee, shikamoo. Marahaba yake kaitoa macho chini.
Kahawani wameniuliza leo napata nini. Nimesema sina kitu.
Bafta iliyobaki inatosha sanda ya mtu mmoja. Mke kaikunja, katia karafuu, kaiweka sandukuni. Hiyo haiuzwi.