Mama Naye Amekuwa Msanii

Jumamosi, wageni wameshaenda

Msanii! Leo Mama ameitwa msanii mbele ya watu, na akatabasamu mpaka pengo likaonekana.

Ni Sharon, mke wa kaka yangu, aliyeleta hao wageni kutoka Nairobi waone vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ambavyo Mama huvipamba kwa shanga. "Huyu mama yetu ni msanii wa kweli," akawaambia. Wakapiga picha. Wakanunua vibuyu vya kutundika ukutani, maziwa hayatawahi kuingia humo.

Mimi nilikuwa nimeshika birika ya chai. Neno ni lile lile Mama alilonirushia nilipotaka kuimba na bendi kule Litein. Wakati huo msanii alikuwa mlevi, malaya, mtu asiyejua jembe. Alisema afadhali nichume majani chai mpaka nizeeke kuliko yeye aitwe mama ya msanii. Nikachuma. Bado nachuma.

Kwa hivyo nikauliza kwa sauti, wageni wote wasikie: "Mama, si ulisema msanii ni malaya?"

Sharon akashika mdomo. Nilifurahi, siwezi kujidanganya. Nilitaka Mama aaibike mpaka ashindwe kumeza mate.

Hakuinua hata macho. Aliendelea kutunga shanga kwenye uzi.

"Hiyo ilikuwa zamani," akasema. "Siku hizi ni kazi ya heshima. Na wewe nilikukataza kwa sababu sauti hukuwa nayo. Sikutaka tu kukuambia."

Wageni wakacheka. Nikawaongezea chai.