Dominiko, Chupa Haikuwa Dirishani

Mwaka umetimia, Dominiko, tangu joto likuangushe kando ya lori la mafuta nje ya Doha. Ndege uliyokuwa umetoka kuijaza iliruka kwa wakati wake. Wewe hukuamka tena.

Wengi hapa wanakukumbuka kwa mashine ya kunyolea. Kila Ijumaa baada ya misa foleni ilianzia mlangoni petu, mtaa wa Al Mansoura hapa Doha, Wakenya kwa Waganda, na hukutaka malipo ya mtu. "Tulia, bwana," ulikuwa unawaambia, "nikikukata sikio utaonekana mtu mwingine kwenye paspoti."

Kazi yako ilikuwa kujaza ndege mafuta kwenye kambi ya jeshi la Wamarekani. Kabla ya kushika mpira wa mafuta lazima uunganishe waya wa kupeleka umeme ardhini, maana cheche moja inatosha kuchoma kila kitu. Mazoea hayo ulikuja nayo nyumbani. Kabla ya kuwasha gesi ya kupikia ugali ulikuwa unagusa mlango wa chuma. Tulikucheka sana kwa hilo.

Agosti mwaka jana wale wapiganaji wa bendera nyeusi walikuwa wameshauteka mji wa Mosul na wanasogea Erbil. Dada yetu Nasimiyu alikuwa huko Erbil, kaskazini mwa Iraki, mfanyakazi wa nyumbani. Matajiri wake walikimbia na paspoti yake, wakafunga geti kwa nje, wakamwambia alinde nyumba. Akakupigia wewe, nami kaka yenu nikiwa nimekaa kitandani nasikia.

"Kaka, barabara nzima ni magari yanaondoka. Mimi niko ndani."

"Chakula kipo?"

"Mchele upo."

"Pika ule. Usilie na njaa. Nipigie asubuhi na mchana, hata kama huna la kusema."

Wiki hiyohiyo ndege za Wamarekani zilianza kuwapiga wale watu, na baadaye mataifa mengine yakaungana nao. Kambini kwenu kazi ikaongezeka mara mbili.

Shida ilikuwa simu. Ndani ya kambi simu haziruhusiwi. Mkapatana na Athanas, Mkenya mwenzetu aliyekuwa mlinzi wa geti la kutokea, kwamba simu yako ikae kwake. Malori yalikuwa yanaingilia geti lingine, na likitoka lori halikuruhusiwa kusimama. Basi Nasimiyu akipiga, Athanas ataweka chupa ya maji kwenye dirisha la kibanda chake. Ukipita ukaiona chupa, dada yuko hai. Zamu mpya ikianza, anaiondoa, mnasubiri tena.

Jioni moja Athanas alikuja kunyolewa, akakuuliza, "Lakini Dominiko, unajua hizo ndege zinaenda kufanya nini?"

Ulizima mashine. "Zinaenda kuzuia watu wasimfikie dada yangu. Hayo mengine niulize akishatoka."

Ukaanza kuomba safari za wenzako. Tom, mliyekuwa mnapokezana naye lori, alidhani unatafuta ovataimu. "Wewe Dominiko, hilo lori unaliendesha ama umelioa?"

"Nimelioa," ukamjibu, "na mahari bado."

Haikuwa ovataimu. Kila safari ilikuwa njia ya kulipita lile dirisha. Sisi tulilijua hilo, Tom hakulijua, na msimamizi wenu hakutaka kujua. Kiyoyozi cha lori kilikuwa kimekufa. Sheria inakataza kazi ya juani saa za mchana wakati wa kiangazi, lakini yeye alisema dereva yuko ndani ya gari, si mtu wa juani. Hapo ni pa kumlaumu na tunamlaumu.

Siku ile Athanas alihamishwa ghafla kwenda geti lingine. Akaondoka na gari la walinzi, simu yako ikabaki ndani ya mtoto wa meza. Mlinzi aliyemrithi hakujua habari ya chupa, na angeijulia wapi, ilhali mlikuwa mmeficha. Ulipita asubuhi, dirisha tupu. Ukapita tena, tupu. Tom alikuambia ushuke unywe maji ukae kivulini. Ukamwambia, "Moja tu, nikirudi napumzika." Ulirudi ukachukua nyingine. Ulianguka ukiwa unafungua waya, mpira umeshaurudisha mahali pake.

Athanas, ukisoma haya, hatuna neno nawe.

Simu ilikuwa imelia, Dominiko. Ililia mle ndani ya meza asubuhi ileile. Jirani wa Nasimiyu, mzee wa Kikurdi, alivunja kufuli kwa nyundo akampakia garini pamoja na wajukuu wake. Nasimiyu alikuwa anakupigia akwambie ametoka.

Alipiga tena ukiwa hospitali, safari hii simu ikiwa imeshatolewa mezani na iko mkononi mwangu. Jebet, nesi wa kwetu, akasema, "Mwekee sikioni. Hatujui anasikia nini." Nikakuwekea. Nasimiyu akasema, "Kaka, nimetoka. Nimekula." Akarudia mpaka salio likaisha. Uso wako haukubadilika. Hatujui kama ulisikia, na hatutajifanya tunajua.

Wapiganaji hawakuingia Erbil. Redio hutaja mabomu yaliyoangushwa na watu waliouawa nayo. Wewe hukuangukiwa na bomu, kwa hiyo hakuna mahali umetajwa. Tunakutaja sisi.

Anakukumbuka mama yako Rael wa Kimilili, aliyezaa watatu na sasa ana wawili. Anakukumbuka mkeo Nafula, anayelala upande mmoja wa kitanda, ule mwingine hataki uguswe. Wanakukumbuka wanao, Shaun, ambaye hajakubali kunyolewa na mtu mwingine tangu tukuzike, na Chelsea, ambaye hakukujua ila kwa sauti ya simu. Anakukumbuka dada yako Nasimiyu, aliyerudi nyumbani mzima. Na mimi kaka yako Eugene, niliyebaki Al Mansoura, nikitaka kuwasha gesi nagusa kwanza mlango wa chuma.

Hatutaacha kukukumbuka maadamu tuko hai. Dada mmoja alitoka. Ametugharimu kaka mmoja, mume mmoja, baba wa watoto wawili.